Merikebu za chumvi ya Chile: vile upepo ulipoteza kazi yake

Ndugu na dada wa chama, leo ninaleta historia ya bahari, ingawa mimi ni mtu wa udongo. Msishangae. Mkifika mwisho mtaona vile bahari na udongo vinashikamana, na vile hii historia inagusa Congo yetu.

Wengi wetu tunaamini kwamba merikebu za matanga zilikufa kwa pigo moja: wazungu walivumbua mashini ya mvuke, upepo ukaachwa, basi. Ni hadithi nyepesi. Shida yake ni kwamba tarehe zinaikataa. Meli za moshi zilianza kubeba watu na mizigo mwanzoni mwa karne ya 19. Na bado, mwaka wa 1902, ku Ujerumani, nchi yenye viwanda na makaa ya mawe tele, kampuni moja ya Hamburg ilipokea merikebu mpya kabisa ya chuma yenye milingoti mitano, jina lake Preussen. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 120, ilibeba karibu tani 8,000, na ilisukumwa na upepo peke yake. Mwenye kuijenga hakuwa mtu wa kushikilia mambo ya babu. Alikuwa mfanyabiashara, na alikuwa amepiga hesabu.

Juu ya nini hesabu yake ilitoka sawa mwaka wa 1902? Na juu ya nini, miaka kumi na michache tu baadaye, ilianza kuharibika? Hayo maswali mawili njo kazi ya leo.

Chumvi ya jangwa

Jibu la kwanza liko ndani ya gunia. Preussen ilijengwa kwa ajili ya kubeba nitrati ya sodiamu, ile chumvi nyeupe inayochimbwa mu jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile. Sisi waagronomu tunaijua: ni nitrojeni ambayo mmea unaweza kunywa mara moja, bila kungoja vijidudu vya udongo vifanye kazi. Mu ile jangwa mvua karibu hainyeshi, na kwa sababu hiyo chumvi iliweza kukaa pale miaka elfu na elfu bila kuoshwa. Udongo usiootesha hata jani moja njo ulikuwa unalisha mashamba ya Ulaya.

Mwisho wa karne ya 19 Ulaya ilikuwa na njaa ya nitrojeni. Miji ilikua, ngano ilihitajika, na samadi ya ng'ombe haikutosha. Wakulima wa viazi-sukari vya Ujerumani na wa ngano ya Ufaransa walikuwa wanunuzi wakubwa. Tena nitrati ilitengeneza baruti, kwa hiyo majeshi pia yaliitaka. Chile ilipigana na Peru na Bolivia kuanzia 1879 hadi 1883, na nitrati ilikuwa ndani ya ile vita. Chile ilishinda, ikachukua ile mikoa, na Bolivia ikapoteza njia yake ya bahari mpaka leo. Mwaka wa 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alisimama Bristol akaonya wasomi wenzake: ngano ya dunia itapungukiwa, chumvi ya Chile itaisha siku moja, na ni wanakemia watakaopaswa kutoa nitrojeni ndani ya hewa. Shikeni ile onyo, tutairudia.

Hesabu ya makaa

Sasa tuangalie njia. Kutoka Hamburg mpaka bandari ya Iquique, kupitia ncha ya kusini ya Amerika inayoitwa Cape Horn, ni karibu kilometa 20,000. Ni zaidi ya mara kumi ya safari ya ndege kutoka Bukavu kwenda Kinshasa. Meli ya moshi ya wakati ule ilikula makaa ya mawe mchana na usiku. Kila tani ya makaa iliyowekwa ndani yake ilichukua nafasi ya tani ya mzigo. Pwani ile ya Chile yenyewe ilikosa makaa ya kutosha kwa meli zote. Mengi yalitoka mbali. Na yalifika namna gani? Mara nyingi yaliletwa na merikebu za matanga! Waingereza walikuwa wanabeba makaa ya Wales kwa upepo, wanayamwaga mu bandari za mbali, ili meli za moshi zipate chakula. Kwa miaka mingi upepo ulikuwa kama mpagazi wa adui yake.

Mzigo wenyewe ulisaidia. Nitrati haiozi kama ndizi, na haina haraka kama barua. Mkulima aliihitaji mwanzo wa msimu, lakini kama gunia lilikaa baharini siku 75 au 90, hakuna aliyekufa. Kwa mzigo mzito, wa bei ndogo kwa kilo, usio na haraka, upepo wa bure ulishinda mashini ya gharama.

Wale wa chai walikuwa na bahati mbaya zaidi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Siku tano baadaye, ku Scotland, merikebu ya Cutty Sark ilishushwa majini, imejengwa kukimbiza chai kutoka China. Maskini! Mfereji ulifupisha njia ya meli za moshi, lakini Bahari ya Shamu ni nyembamba na pepo zake ni ngumu kwa matanga. Baada ya miaka michache Cutty Sark ikafukuzwa mu chai, ikaenda kutafuta maisha mu sufu ya Australia. Kwa hiyo mashini haikuushinda upepo kila mahali kwa siku moja. Iliuchukulia njia moja moja, mzigo moja moja. Njia ya Chile ilikuwa kati ya zile za mwisho.

Watu wa herufi P

Kampuni ninayoisema ni F. Laeisz ya Hamburg. Mwanzilishi wake, Ferdinand Laeisz, alianza 1824 na kazi ya kutengeneza kofia. Merikebu yao moja ya mwaka wa 1857 iliitwa Pudel, jina la utani la Sophie, mke wa Carl Laeisz, kwa sababu nywele zake zilijikunja kama za mbwa wa aina ile. Baadaye ikawa desturi: Potosi, Preussen, Pamir, Peking, Passat, Pommern, Padua. Zote zinaanza na P.

Hawa watu hawakutumia upepo kwa kubahatisha. Walijenga kwa chuma, na milingoti ya chuma na kamba za waya, ili tanga lisikunjwe mapema dhoruba inapokuja. Waliweka mashini ndogo za kuvuta kamba, ili watu wachache wafanye kazi ya wengi. Preussen ilikwenda na watu wasiofika 50. Walichagua manahodha waliosoma pepo kama sisi tunavyosoma msimu wa mvua. Robert Hilgendorf, nahodha wa Potosi, alizunguka Cape Horn mara 66, na mabaharia walinong'onezana kwamba amefanya mapatano na shetani. Preussen yenyewe ilifika Iquique kutoka mlango wa Ulaya chini ya siku 60. Kwa meli isiyonunua hata kilo moja ya makaa, hiyo ni kazi.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wataelewa hii elimu haraka. Majahazi yao yalikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi karne nyingi: upepo moja unakuleta, mwingine unakurudisha, na mwenye kukosa msimu analala bandarini miezi. Hata huku kwetu, ku Tanganyika, mu karne ya 19 mashua za matanga za wafanyabiashara wa Ujiji zilivuka mpaka ng'ambo ya Congo. Tofauti ya Hamburg haikuwa ujuzi wa upepo. Ilikuwa mtaji, chuma, na mnunuzi wa uhakika.

Bei ambayo haikuandikwa ku gunia

Nikiishia pale, nitakuwa nimewasifia tu wazungu na merikebu zao nzuri. Tuseme na upande mwingine. Upepo ulikuwa wa bure, lakini gunia halikuwa la bure.

Chumvi ilichimbwa na wafanyakazi wa Chile, Peru na Bolivia, chini ya jua la Atacama, mu kambi za makampuni. Mara nyingi walilipwa kwa vipande vya chuma vinavyofanya kazi ku duka la kampuni tu. Mwezi wa Desemba 1907 walishuka kwa maelfu mpaka Iquique, pamoja na bibi na watoto, kuomba walipwe pesa ya kweli na mizani ya haki dukani. Waliwekwa ndani ya shule ya Santa María. Tarehe 21 Desemba jeshi liliwapiga risasi. Waliokufa walikuwa wengi sana, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Nje, mu maji ya bandari ile ile, merikebu zilikuwa zinapakia magunia ya kulisha viazi na ngano ya Ulaya.

Mabaharia nao walilipa. Kuzunguka Cape Horn kutoka mashariki kwenda magharibi ni kupigana na upepo unaokupiga usoni, baridi, barafu ku kamba. Kuna waliosombwa na mawimbi, kuna walioanguka kutoka juu ya mlingoti. Preussen yenyewe iliuawa na meli ya moshi: Novemba 1910, mu mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya abiria Brighton ilikata njia mbele yake. Dereva wa mashini hakufikiri kwamba kitu cha matanga kinaweza kuja mbio namna ile. Preussen iligongwa, dhoruba ikaitupa ku mawe karibu na Dover, na mwisho wake ukawa pale.

Mapigo mawili

Lakini kampuni ingeweza kujenga nyingine. Iliendelea kujenga hata baadaye: Peking ni ya 1911. Kilichoangusha biashara yenyewe kilikuja kutoka mahali ambapo hakuna nahodha aliyekuwa anaangalia.

Mwezi wa Julai 1909, ku Karlsruhe, mwanakemia Fritz Haber alionyesha vile anaweza kuunganisha nitrojeni ya hewa na haidrojeni, ikatoka amonia, tone kwa tone. Carl Bosch wa kampuni ya BASF akaibeba ile kazi ndogo ya maabara, akaifanya kiwanda. Mwaka wa 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kutoa amonia. Lile onyo la Crookes lilikuwa limepata jibu miaka 15 tu baadaye. Ku darasa tunafundishwa hii habari kwa mistari miwili, kama fomula. Lakini iangalie kwa jicho la Iquique: kitu ulichokuwa unauza dunia nzima, sasa mtu anakitoa ndani ya hewa.

Mwaka uliofuata, Agosti 1914, mfereji wa Panama ulifunguliwa. Meli za moshi hazikuhitaji tena Cape Horn. Na mwezi ule ule vita vikaanza. Waingereza walifunga bahari, nitrati ya Chile haikufika tena Ujerumani, na merikebu za Laeisz zilizokutwa Chile zikakwama kule miaka. Ujerumani ililazimika kukuza viwanda vya amonia haraka, kwa baruti kwanza. Vita vilipoisha, viwanda vilibaki, na vikageuka kuwa vya mbolea.

Laeisz hakukata tamaa. Alinunua tena baadhi ya merikebu zake zilizotolewa kama malipo ya vita, na 1926 akajenga Padua. Lakini nitrati ilikuwa inakufa polepole, na mgogoro wa uchumi wa 1929 ukaja kuzika. Pamir iliuzwa 1931, Peking 1932.

Ku jangwa la Atacama miji ya chumvi ilihamwa. Humberstone na Santa Laura zimebaki na nyumba tupu, sinema tupu, mashini zilizoshika kutu. UNESCO iliziandika mu urithi wa dunia mwaka wa 2005. Watalii wanakwenda kupiga picha mahali ambapo zamani serikali ya Chile ilipata sehemu kubwa ya kodi yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: merikebu ya matanga haikuanguka kwa sababu upepo ni dhaifu. Ilipoteza mzigo wake ndani ya maabara, na ikapoteza njia yake ndani ya mfereji.

Ngano ya mwisho

Kulikuwa na mtu moja aliyekataa kuzika. Gustaf Erikson, wa Mariehamn mu visiwa vya Åland, Finland, alinunua merikebu kuukuu kwa bei ya vyuma, hakulipa bima, na mabaharia wake wengi walikuwa vijana wanaotafuta miezi ya bahari kwa ajili ya cheti. Wengine walilipa wao wenyewe ili wachukuliwe. Alizituma Australia Kusini kuchukua ngano. Mwaka wa 1933 Parma ilifika Uingereza kwa siku 83. Ghala lilikuwa halina haraka, na mwenye ngano hakulipa kodi ya ghala wakati mzigo uko njiani. Hesabu ndogo, lakini ilisimama. Mwaka wa 1949 Pamir na Passat zilifanya safari ya mwisho ya ngano, na Pamir ikawa merikebu ya mwisho ya biashara kuzunguka Cape Horn kwa matanga.

Tarehe 21 Septemba 1957 Pamir ilizama mu kimbunga Carrie, mu Atlantiki. Ilikuwa na watu 86, wengi vijana wa mafunzo, walipona 6. Mzigo ulikuwa shayiri kutoka Buenos Aires, na sehemu kubwa ilimwagwa wazi bila magunia. Punje zikihamia upande moja meli ikilala, hairudi tena kusimama. Aliyewahi kuona kamio ya mahindi yasiyofungwa ikilala ku kona anajua ninachosema.

Kila wakati mafuta yakipanda

Baada ya hapo unaona kitu cha ajabu: upepo unaitwa tena kila mafuta yakipanda, na unafukuzwa kila yakishuka.

Mwaka wa 1924 Mjerumani Anton Flettner alisimamisha minara miwili ya chuma inayozunguka juu ya meli Buckau. Mpira wa miguu uliopigwa kwa ubavu unajipinda hewani kwa sababu unazunguka. Mnara nao ukizunguka ndani ya upepo unasukumwa upande, na ile nguvu inasogeza meli. Mwaka wa 1926 meli ile ilivuka mpaka New York. Watu walipiga makofi, lakini mafuta yalikuwa rahisi, na jambo likafa. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 Wajapani walijenga Shin Aitoku Maru, tanki ndogo ya 1980 yenye matanga magumu yanayoongozwa na kompyuta. Bei ya mafuta ikaanguka katikati ya miaka ya 80, na jambo likafa tena.

Sasa ni mara ya tatu. Shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, IMO, lilikubaliana 2023 kwamba meli zifikie sifuri ya gesi joto karibu na 2050. Mwaka ule Pyxis Ocean, meli ya nafaka ya karibu tani 81,000, ilifungwa mabawa mawili ya mita 37.5, na Cargill iliyokuwa imeikodi ilitangaza akiba ya wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Meli hizo zinatumia mashini pamoja na upepo. Ku Brittany, Ufaransa, kampuni Grain de Sail inabeba kahawa na kakao kwa matanga hasa: meli yake ya 2020 inabeba tani 50 hivi, ile ya 2024 karibu tani 350. Ni kidogo sana mbele ya Preussen. Lakini mnunuzi anakubali kulipa zaidi juu ya njia mzigo uliyopitia.

Inatugusa wapi?

Kwanza, kahawa ya Kivu. Inashuka kwa kamio mpaka Mombasa au Dar es Salaam, halafu inapanda meli. Kama wanunuzi wa Ulaya wanaanza kuhesabu moshi wa kila kilometa, watahesabu na wetu. Vyama vya wakulima vinapaswa kujua hii lugha mapema, kabla haijaandikwa ku mkataba na watu wengine.

Pili, na hili ni zito. Sisi tunatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Kila mkutano tunasikia kwamba dunia haiwezi kuishi bila sisi. Wachile wa 1900 walisikia wimbo ule ule. Leo betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata gramu, ziko tayari ndani ya mamilioni ya magari ya umeme. Maabara inafanya kazi. Haitumi barua kwa Kolwezi kuuliza.

Sisemi kobalti itakufa kesho. Nitrati ya Chile inachimbwa mpaka leo, kidogo. Ninasema pesa yake ya leo ingefaa kununua kitu ambacho maabara haiwezi kukifuta: udongo unaolishwa vizuri, barabara ya shamba, shule ya ufundi, maghala. Iquique ilikuwa na magunia ya mbolea mpaka juu, lakini nyuma yake hakukuwa na shamba.

Wenzetu wa jeolojia na wa uchumi, ninajua mko humu. Kama mnaona hesabu yangu imepinda mahali, nionyesheni. Tujadiliane.